Muulize Maalim wa Pwani: Ngalawa za sote, kazi za mtu mmoja

Assalaam alaykum wasomaji wetu. Barua za safari hii nyingi zimetoka kwa watu wa vyama vya tanga, vile vya mtaani vinavoendeshwa kwa kujitolea tu, hamna mshahara wala ofisi, kuna banda la makuti na ngalawa mbili tatu. Nimefurahi sana manake hivi vyama vikisimama ndo watoto wetu watajua kutweka tanga, vikianguka watabaki kuangalia bahari kwenye simu. Nimechagua barua tano, ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu naona inawahusu wengi.

*Maalim, mimi niko Jambiani, tuna chama cha vijana cha kwenda tanga na kushindana resi. Ngalawa tunazo tatu, mbili tulichangishana na moja katuachia mzee mmoja mvuvi ambae saivi haendi tena baharini. Kwenye grupu la WhatsApp tupo karibu 30 lakini wanaofanya kazi ni watu watatu. Mazoezi kila Jumamosi saa 3 asubuhi, wiki hii watakuja kumi, wiki ijayo wawili. Siku ya resi ndo wanajaa wote na kila mtu anataka kushika usukani. Funguo za banda ninazo mimi, tanga likichanika nashona mimi, kwa sheha (kiongozi wa mtaa) nakwenda mimi. Mke wangu keshaniuliza hichi chama kinakuletea nini ndani ya nyumba na sikuwa na jawabu. Nataka kujiuzulu ila najua nikitoka kitakufa. Nifanyeje?*
*Kaka wa Jambiani*

Wa alaykum salaam kaka yangu. Kabla hujajiuzulu hebu chukua kalenda ya maji ukae nayo, manake naona nusu ya jawabu iko hapo. Mwezi ukiandama na mwezi ukifika kumi na tano ndo bamvua, yaani maji makubwa, na hapa kwetu maji ya bamvua hujaa alasiri kwenye saa 10 hivi, asubuhi kwenye saa 4 yanakupwa mpaka mwisho, tena baina ya kujaa na kupwa inakaribia meta 4. Sasa Jumamosi ya bamvua saa 3 asubuhi hapo Jambiani bahari iko wapi? Iko mwambani huko, ngalawa zimelala ubavu mchangani, na baadhi ya hao vijana wako na mama zao kwenye mwani manake kupwa kama huko ndo siku zake. Wiki inayofuata ni maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, saa 4 asubuhi ndo yamejaa, na ndo hao kumi unaowaona. Kwa hiyo sio kwamba wote wavivu, wengine wanayajua maji kuliko ratiba yenu. Futeni hiyo saa 3 ya kila Jumamosi. Maji yanachelewa kiasi cha dakika 50 kila siku, kwa hiyo kaeni mara moja kwa mwezi mpange: Jumamosi za bamvua mnakutana baada ya saa 8 mchana, Jumamosi za maji mafu ndo mnakutana asubuhi, afu iandikwe ubaoni pale bandani na sio kwenye grupu peke yake, manake kwenye grupu ratiba inafukiwa na salamu za Ijumaa kabla mtu hajaiona.

Nusu ya pili ni hizo kazi zenyewe. Kijana ukimwambia njoo utusaidie chamani haji, na mimi simlaumu, hajui anaitiwa nini wala atatoka saa ngapi, na anaona kabisa kwamba akiingia ataingia moja kwa moja kama ulivoingia wewe. Lakini mwambie fulani, Jumanne ukishasali alasiri njoo na sindano tushone upindo wa lile tanga la bluu, magharibi ushaondoka, utaona anakuja. Kazi iwe na jina lake, iwe na siku yake na iwe na mwisho wake. Kaa na wenzio wawili muandike kila kitu mnachofanya nyinyi watatu kwa mwezi, hata vile vidogo kama kununua uzi na kufagia banda na kupiga simu kwa fundi, halafu mvigawe vipande ambavo mtu anaweza kuvimaliza kwa jioni moja. Vingi vitachukuliwa. Vitakavobaki bila mtu vikate, chama kidogo kinachokwenda ni bora kuliko kikubwa kinachokuua wewe.

Zamu ziwe za watu wawili wawili, mmoja anaejua na mmoja mgeni, na msiwape marafiki wawili zamu moja kwa sababu mmoja asipokuja na mwenzake haji. Hao wawili wa zamu ndo wanafungua banda siku hiyo, ndo wanakagua vyombo, ndo wanafunga. Hapo linakuja suala la funguo. Funguo zisikae kwako. Weka moja kwa jirani wa banda, mtu mzima anaeaminika, awe na karatasi ya majina ya wenye zamu, asie na zamu hampi ufunguo. Wewe ukisafiri kwenda mjini au ukiugua, chama kinafunguliwa vilevile, na hiyo peke yake itampumzisha mkeo kuliko maneno yoyote utakayomwambia. Na mkeo ana haki yake kaka, chagua siku kwenye wiki ambayo hata tanga lichanike vipi wewe hutoki nyumbani.

Kitu ambacho nakisisitiza sana ni daftari la chombo. Kila ngalawa na daftari lake, linakaa ndani ya mfuko wa nailoni, limefungwa kwa kamba kwenye nguzo ya banda lisitembee. Wa zamu anaandika: nani katoka na chombo, saa ngapi, karudi saa ngapi, upepo ulikuwaje, na kimeharibika nini. Sio maneno mengi, mfano "kamba ya demani imelika karibu na fundo, tumekata tumefunga upya", au "mrengu wa kulia unacheza, kamba zikazwe kabla ya kutoka tena", au "foromali ina ufa kidogo juu, haijatengenezwa, MSITOKE NAYO". (Kwa asiejua, demani ni kamba ya kuongozea tanga, mrengu ni ule ubao wa pembeni unaoizuia ngalawa isipinduke, na foromali ni mti unaobeba tanga.) Anaekuja kesho anasoma anajua. Saivi hivi vyote viko kichwani kwako ndo mana kila mtu anakupigia simu wewe, na sio kwamba wanakuonea, hawana pahala pengine pa kuuliza.

Na hilo daftari litakumalizia ugomvi wa usukani. Wekeni sheria mapema kabisa, miezi kabla ya resi, kwamba watakaoshika usukani na watakaokaa kwenye ngalawa siku ya resi wanachaguliwa kutoka majina yaliyomo kwenye madaftari, aliyefanya zamu zake na mazoezi yake ndo anaingia kwenye mchujo. Sheria ikisomwa mwezi wa kwanza hamna atakaelalamika mwezi wa saba, ukiisema asubuhi ya resi itakuwa vita.

Nkwambie na la wazee. Nyinyi mnawaalika mkutanoni na hawaji, si ndio? Mzee aliyevua miaka 40 hana haja ya kuja kukaa kwenye kiti cha plastiki kusikiliza ajenda. Mfuateni pale anapokaa, kwenye kivuli cha mkungu, mumuombe kitu kimoja anachokijua yeye: kila siku ya mazoezi kabla tanga halijatwekwa atembee azizunguke ngalawa zote tatu, aguse mirengu na kamba zake, atizame henza, yaani kamba ya kutwekea tanga, na shimo la usukani, aseme hii iende hii ibaki. Kazi ya robo saa. Mtapata ukaguzi wa uhakika kuliko mlivoweza kuununua, na wazazi wakimuona mzee fulani kasimama pale watawatoa watoto wao kwa moyo mmoja.

Kazi nzito za kukwangua, kukalafati (kuziba nyufa) na kupaka sifa (mafuta ya samaki) zifanyeni msaragambo, kazi ya pamoja, mara mbili kwa mwaka, moja kabla upepo wa kusi haujashika na moja kabla ya kaskazi, siku moja nzima na chakula kipikwe. Msikalafati kidogo kidogo kila wiki na watu wawili. Na saivi hivi, wiki hii, chagua msaidizi mmoja uende nae kwa sheha kila unapokwenda, sheha amjue sura. Ukitaka kutoka mwakani utatoka na mtu yupo.

*Asalam aleikum maalim. Mimi ni mama niko Wete Pemba. Hapa kwetu kimeanzishwa chama cha kufundisha watoto tanga, bure kabisa, walimu wanajitolea. Binti yangu ana miaka 13 anataka mno kujiunga. Baba yake hataki, anasema bahari si ya watoto wa kike na pia toka zile ajali za meli hapendi hata kusikia. Mimi sikupata nafasi hiyo nikiwa mdogo na ningependa yeye aipate lakini naogopa pia. Nishauri.*
*Mama wa Wete*

Wa alaykum salaam bibie. Kwanza baba mtoto msimpuuze. Tarehe 10 Septemba 2011 ilizama MV Spice Islander ikija huko Pemba, na haijatimia mwaka, tarehe 18 Julai 2012, ikazama MV Skagit karibu na Chumbe. Pemba nzima ina watu waliozika na waliokosa hata wa kuzika, kwa hiyo khofu yake ina msingi na inataka kuheshimiwa. Ila mimi kwa hao hao waliokufa ndo nasema mtoto wa kisiwani afunzwe maji, wa kiume na wa kike, manake sisi maboti tutapanda tu, hatuna njia nyengine ya kwenda Unguja kwa bei yetu.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu, kuogelea kwanza, tanga baadae. Chama chochote kinachomtia mtoto kwenye ngalawa kabla hakijamuona anaogelea, mtoe, hata kama walimu ni ndugu zako. Na kuogelea nnakosema sio kuchezea maji ya magotini. Avae nguo zile zile atakazovaa kwenye chombo, aingie pahala ambapo miguu haigusi, aelee chali kwa utulivu kama dakika tano, aogelee meta 50 bila ya kushika kitu, afu apande mwenyewe ndani ya ngalawa kutokea majini. Ndo hapo awekwe karibu na tanga. Jaketi la kuokolea avae juu yake, na litizame wewe mama kwa mkono wako: mfunge vizuri, mshike mabegani kwenye jaketi umnyanyue. Likipanda mpaka masikioni ni kubwa, halimfai, likimvuka huko majini linakuwa halina faida tena. Wengi wanapewa majaketi ya watu wazima kwa sababu ndo yaliyopo.

Nguo haina tatizo kabisa. Suruali ya kitambaa chepesi, kanzu fupi au shati la mikono mirefu, kichwani kitambaa kilichofungwa kikabana, sio mtandio unaopepea. Kanga na buibui hapana, zinaingia kwenye kamba na zikirowa zinavuta chini. Ulizia kama yupo mwalimu wa kike, na kama hayupo waambie wazi kwamba mama zao wako tayari kukaa pwani saa za mazoezi kwa zamu, mama mmoja au wawili, hiyo nayo ni kujitolea na chama kinaihitaji kweli. Nina hakika baba mtoto atalainika akisikia wewe upo pale.

Halafu kuna jambo la Wete lenyewe. Mko upande wa magharibi, na kusi likivuma linatokea upande wa nchi kavu linakwenda nje. Ndani ya ghuba maji yanaonekana shwari kama sahani, mtoto anaona raha, lakini upepo unamsukuma kuelekea nje ya visiwa, na huko nje ni mkondo wa Pemba wenye kina cha mamia ya meta na maji yake yanakokota kwenda kaskazini. Kwa hiyo waulize hao walimu mambo matatu na usione haya. Kuna boti ya mashine majini, na mafuta ndani, kila watoto wanapotoka? Watoto wanahesabiwa vipi? (Mimi napenda vibao, kila mtoto na kibao chenye jina kwenye msumari ukutani, akitoka anakigeuza, akirudi anakigeuza mwenyewe, hamna anaefunga banda mpaka vibao vyote vimeelekea upande mmoja.) Na mtoto akipinduka amefunzwa kufanya nini? Jawabu sahihi ni kubaki na chombo, ngalawa hata ikijaa maji inaelea na inaonekana kwa mbali, kichwa cha mtoto kwenye mawimbi hakionekani. Wakikujibu yote matatu bila kubabaika, muache binti aende, na nenda na baba yake siku ya kwanza.

*Maalim sisi tuko Kizimkazi, kuna wageni wa Ulaya rafiki wa chama wanataka kututumia vidau vinne vya Optimist. Wenzangu wamefurahi ila wazee wanasema ngalawa zinatosha. Tupokee?*
*Katibu*

Pokeeni viwili, katibu. Optimist ni chombo kizuri cha kujifunzia na sio kitu cha kudharau, alikibuni Clark Mills mwaka 1947 kule Clearwater, Florida, kwa makusudi kabisa kwamba kiundwe kwa plaiwudi na kiwe rahisi. Urefu wake ni kama meta 2.3 na uzito wake kilo 35, mtoto anakaa peke yake, tanga lake dogo, usukani wake mwenyewe, makosa yake mwenyewe, na ndani ya wiki chache anaujua upepo kwa ngozi. Kwenye ngalawa mtoto anaweza kukaa msimu mzima anafua maji tu kwa sababu wakubwa wameshika usukani na demani.

Lakini waulizeni wafadhili maswali kabla hawajapakia. Gharama za bandarini analipa nani? Faiba ikipasuka nani hapo Kizimkazi anaiziba? Vile vyuma vidogo vya usukani vikipotea vinanunuliwa wapi? Nimeona vyombo vya faiba vizuri sana vimegeuka vyungu vya maua mahotelini kwa kukosa kipande kimoja. Ngalawa ni ya mwembe, fundi yupo mtaa wa pili na kamba zipo dukani. Na wazee wana hoja, mtoto aliyejifunza Optimist peke yake hajui kupitisha foromali upande wa pili wa mlingoti na upepo unamsukuma, hiyo anafunzwa na mzee kwenye ngalawa tu. Kwa hiyo viwili vije vya watoto wadogo, na thamani ya vile viwili vyengine waombeni walete majaketi ya saizi za watoto na kitu cha kumlipa fundi. Na mkipata plaiwudi ya baharini mpeni fundi wenu kimoja akitizame vipimo, anaeunda mashua hashindwi kuunda kidau cha meta 2.

*Habari maalim. Mimi ni mshika fedha wa chama cha tanga huku Nungwi. Hoteli moja imejitolea kutupa pesa kila mwezi ila inataka Jumapili tuwatembeze wageni wao na ngalawa zetu, na jina lao liwe kwenye matanga. Baadhi ya wanachama wanasema tukishaingiza pesa basi na walimu walipwe posho, wengine wanasema tutaharibu. Na kuna waliopendekeza pesa ya chama tuicheze upatu. Naomba ushauri.*
*Bi Mshika Fedha*

Bi mshika fedha, la upatu jawabu ni hapana, hata usilijadili mkutanoni. Upatu ni wa watu kwa pesa zao mifukoni, pesa ya chama ni amana, mmoja akikwama kabla zamu yenu haijafika mnapoteza pesa ya mlingoti.

Jina kwenye tanga sina tatizo nalo, tanga jipya ni ghali na aliyelinunua ana haki ya kuonekana, ila muandikishane ni kwa muda gani na msifunge mlango kwa wengine. Wageni wa Jumapili ndo penye shughuli. Siku mnayompakia mtu na mkapokea pesa kwa ajili yake, hata ikipitia hotelini, nyinyi sio tena chama cha mazoezi, ni chombo cha abiria, na chombo cha abiria kina mambo yake ya leseni na ukaguzi, mwende Mamlaka ya Usafiri Baharini muulize kabla na sio baada ya ajali. Kuna na jengine, Jumapili ndo siku watoto hawana skuli. Mkiwapa wageni Jumapili, watoto watapewa siku gani? Mimi nimeshuhudia sana vyama vya pwani vinaanza na watoto, inaingia biashara kidogo, ngalawa nzuri zinawekwa kwa ajili ya wageni, watoto wanabakiwa na ile inayovuja, na mwisho watoto hawapo. Kama wenzio wanaitaka hiyo biashara, na sio haramu, basi waiunde pembeni kwa jina lake, kwa vyombo vyake na hesabu zake, ichangie chama ikipata.

Posho kwa walimu siafiki ila gharama zao walipiwe. Nauli ya daladala, vocha ya simu anayowapigia wazazi, chai, mafuta ya boti, hivi sio mshahara, ni kumuondolea mtu anaejitolea mzigo wa kutoa mfukoni mwake, na wengi wanaacha kimya kimya kwa sababu hiyo tu na wanaona haya kusema. Ukianza kumlipa mmoja elfu tano kwa siku, anaefagia banda atauliza yake na ana haki. Fundi mlipeni kamili, yeye ile ni kazi yake ya kulisha watoto, msimuombe bure kila siku kwa sababu ni mtu wa mtaani.

Fungueni akaunti yenye saini tatu, mbili zikiwepo ndo pesa inatoka, na wenye saini wasiwe wa nyumba moja. Pesa ya mchango msiipokee kwenye simu ya mtu binafsi hata kama ni mwenyekiti. Na kila mwezi, mbele ya watu, soma kwa sauti, kimeingia kiasi gani kimetoka kiasi gani na kimenunua nini, hata kama ni shilingi elfu mbili za sindano. Hii itakulinda wewe kwanza.

*Maalim, niko Mkoani. Mwezi wa saba uliopita tuliandaa resi, mgeni rasmi kafika, viti vimejaa, ngoma inapigwa. Siku mbili kabla Mamlaka ya Hali ya Hewa walishatoa tahadhari ya upepo mkali. Mimi nilikuwa msimamizi wa vyombo nikasema tuahirishe, kamati ikasema mgeni hawezi kurudishwa, resi ikaenda. Ngalawa mbili zilipinduka, alhamdulillahi wote waliokolewa. Sasa kamati inasema si umeona hamna kilichotokea. Nani hasa mwenye neno la mwisho?*
*Msimamizi, Mkoani*

Ndugu yangu, ulisema sawa na ungebaki kuwa sawa hata kama zisingepinduka. Tahadhari ya Mamlaka ikishasema upepo unafikia kilometa 40 kwa saa na mawimbi ya meta 2, ngalawa ya vijana haina cha kutafuta huko, na mwezi wa saba kusi liko kwenye nguvu zake, sio jambo la kushangaza wala la kubahatisha. Watu wa ngalawa mbili wakitolewa majini na kamati ikaita hamna kilichotokea, hiyo kamati inataka kukalishwa chini na kuambiwa.

Neno la mwisho ni la mtu mmoja aliyepo pwani siku hiyo na anaejua vyombo. Sio mwenyekiti, sio mfadhili, sio mgeni rasmi. Iandikwe kwenye katiba ya chama, sentensi moja: mkuu wa pwani wa siku akisema haitoki haitoki, na kamati haina uwezo wa kulitengua siku hiyo, wakitaka kumuondoa wamuondoe kwenye mkutano wa baadae. Lazima iandikwe, manake kijana wa miaka 25 hawezi kusimama peke yake mbele ya wakubwa na maspika yanapiga akasema hapana, lakini anaweza kuwaonesha karatasi waliyotia saini wenyewe. Na awe anazikusanya misukani yote jioni ya kabla yake, iko bandani imefungwa, anaigawa yeye asubuhi akisharidhika. Bila usukani hamna resi.

Wekeni bendera tatu kwenye mlingoti wa banda. Kijani wote wanatoka, njano wanatoka wazoefu na wanabaki ndani ya kisiwa cha Makoongwe, nyekundu hamna anaetoka. Akina mama wakiwa nyumbani wanaiona, wavuvi wanaiona, na kamati inaiona tangu asubuhi kabla viti havijapangwa. Siku ya resi KMKM (Kikosi Maalumu cha Kuzuia Magendo) wajulishwe kwa barua kabla, na namba yao iandikwe kwa rangi ukutani.

Kuhusu mgeni rasmi, mambo yanaharibika kwa sababu hamna lengine la kumuonesha. Andaeni mengine ya nchi kavu, vijana washindane kutweka na kutua tanga kwa haraka, kuvuta kamba, kufunga mafundo, watoto waogelee mbele yake pahala pa salama. Na kwenye barua yake ya mualiko andikeni mapema kwamba resi itategemea upepo wa siku hiyo, ikiahirishwa itafanyika Jumamosi ya maji mazuri inayofuata na atajulishwa. Nyingi ya hizo resi mngeziandaa wakati wa kaskazi asubuhi, au kwenye maleleji baina ya misimu kwa wale wanaoanza, hiyo mizozo na kamati isingekuwepo. Mwezi wa saba waachieni manahodha wazima, na hao pia wakiiona nyekundu wakae.